Saratani Imepona, Presha Imetoka Wapi? Chakula Kinachotuzunguka Hapa Moseley



Habari hii nimeikwepa kwa muda. Mimi si daktari wa hospitali. Udaktari wangu ni wa vitabu, na fani yangu ni jiografia ya miji, kwa hiyo nikiingia kwenye mambo ya dawa naingia kama mgeni anayebisha hodi. Tena habari yenyewe inanigusa, na mtu akiguswa kalamu huyumba. Lakini tangu mzee wetu mmoja hapa Moseley apatwe na kiharusi, nimeona kunyamaza ni kosa zaidi kuliko kuandika vibaya.

Mzee huyu ni mtu wa Tanga, amekaa mji huu zaidi ya miaka thelathini. Alitibiwa saratani ya tezi dume. Alipigwa mionzi, akawa anachomwa sindano za homoni, halafu akaongezewa vidonge vya abiraterone pamoja na prednisolone. Vipimo vikaja vizuri. Tukasoma dua, tukapika pilau, tukasema Alhamdulillahi yamekwisha. Miezi minane baadaye, asubuhi moja, mkono wake wa kulia ukashindwa kushika kikombe cha chai. Hospitali wakasema ni kiharusi, na presha ilikuwa juu sana.

Basi sebuleni kwake, kila aliyekuja kumjulia hali aliuliza lile lile: jamani, saratani ameishinda, hii presha nayo imetoka wapi?

Nimelitafuta jibu kwa miezi kadhaa, nikisoma na kuwauliza wanaojua. Kwa maoni yangu presha ile ilikuwa na milango mitatu. Mmoja ni dawa zenyewe zilizomponya. Wa pili ni mtaa anaonunua chakula. Wa tatu, na huu ndio ulionifanya niandike, ni vyungu vyetu sisi tuliokuwa tunampelekea chakula kwa mapenzi.

MLANGO WA KWANZA: DAWA

Wengi wetu tunadhani saratani na presha ni maradhi mawili yasiyojuana. Si kweli. Miongoni mwa watu waliowahi kuugua saratani, presha ni moja ya maradhi yanayokutwa mara nyingi kuliko mengine. Sehemu ya sababu ni umri, maana yote mawili huwapata zaidi watu wazima. Uvutaji sigara, unene na pombe navyo huchangia pande zote mbili. Lakini ipo sababu nyingine ambayo hatuisemi: baadhi ya matibabu ya saratani yenyewe hupandisha presha.

Chukua dawa kama bevacizumab au sunitinib. Uvimbe wa saratani unahitaji mishipa mipya ya damu ili ukue, na dawa hizi huziba ishara inayouamuru mwili uijenge. Ishara ile ile ndiyo inayosaidia mishipa ya kawaida itulie na kutanuka. Ukiizima, mishipa inakaza, na presha inaweza kupanda ndani ya siku au wiki chache. Cisplatin inaweza kuumiza figo, na figo ndiyo mizani ya chumvi na maji mwilini. Mionzi ya shingoni inaweza kuharibu vile vipokezi vidogo vinavyopima presha kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Dawa za jamii ya doxorubicin zinaweza kuudhoofisha moyo, na moyo uliodhoofika ukibebeshwa presha juu yake, hatari ya kushindwa kazi huongezeka mno.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Abiraterone huzuia mwili kutengeneza homoni za kiume, hata zile chache zinazotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Kwa kuziba njia hiyo, homoni nyingine hurundikana, na hizo huifanya figo ing'ang'anie chumvi na maji huku ikimwaga potasiamu. Ndiyo maana hupewa prednisolone kila siku, ili kutuliza mrundikano huo, na ndiyo maana mgonjwa wa dawa hii hupimwa presha na potasiamu mara kwa mara. Kwa maneno ya mitaani: ni dawa inayoufanya mwili uwe bahili wa chumvi. Ile ambayo mwili wako ungeitoa kwenye mkojo, mwili wa mzee huyu unaiweka akiba.

Wala hakuachwa bila kupimwa. Presha ilionekana, akaandikiwa amlodipine, ambayo kwa watu wenye asili ya Afrika weusi ndiyo aina inayopendekezwa kuanza nayo katika mwongozo wa hapa Uingereza wa mwaka 2019. Vidonge akaviweka kabatini. Nilipomuuliza baadaye, alinijibu, "Mwanangu, vidonge vimenitosha. Nilisema hii presha ni ya kupanda kilima tu." Tusimcheke. Mtu aliyezoea kumeza vidonge kwa ajili ya ugonjwa mkubwa huona kile cha ugonjwa mdogo kama nyongeza isiyo na maana.

Hali si ya wazee peke yao. Hospitali ya St. Jude ya Memphis, Marekani, imewafuata kwa miaka mingi watu waliotibiwa saratani utotoni. Matokeo yao ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba walipofika miaka 50, zaidi ya asilimia 70 walikuwa na presha, na kwa jumla presha ilikuwa mara 2.6 kuliko kwa watu wengine. Na hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Birmingham, pale Edgbaston, ndiyo makao ya utafiti wa Uingereza wa waliopona saratani za utotoni, ulioanza kwa kufuatilia karibu watu 18,000. Funzo kubwa la tafiti za namna hii ni kwamba siku saratani inapoondoka si siku ya kufunga faili. Moyo na mishipa vinaendelea kudai.

MLANGO WA PILI: MTAA

Hapa ndipo fani yangu inapoingia. Miaka ya mwanzo ya 1990, huko Scotland, lilizuka neno "jangwa la chakula". Inasemekana lilianza kinywani mwa mkazi wa nyumba za halmashauri, akieleza mtaa ambao huwezi kupata chakula bora kwa bei ya mnyonge. Wataalamu wakalidaka. Baadaye Wamarekani wakaongeza la kwao, "kinamasi cha chakula", yaani mtaa ambao mboga zipo lakini zimezama katikati ya chipsi, kuku wa kukaanga na soda. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge walichapisha katika jarida la BMJ uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 5,000: waliokuwa wamezungukwa zaidi na maduka ya vyakula vya kufungasha, nyumbani, kazini na njiani kati ya viwili hivyo, walivila zaidi na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wanene. Mwaka 2023 utafiti wa Marekani uliogusa zaidi ya kaunti 3,000 ulikuta kwamba kaunti zilizo vinamasi hivyo zilikuwa pia na vifo vingi zaidi vya saratani zinazohusishwa na unene.

Naomba tuwe waangalifu. Tafiti hizi zinaonyesha kwamba mambo mawili yanatembea pamoja. Hazithibitishi kwamba moja limemzaa mwenzake. Mitaa yenye chipsi nyingi mara nyingi ndiyo yenye umaskini mwingi, na umaskini una njia zake mia za kupandisha presha. Lakini msomi hapaswi kujificha nyuma ya neno "haijathibitishwa" wakati jirani yake anakula kila siku.

Sasa itazame Moseley. Ukichora ramani, ungeipaka rangi ya kijani. Huu si mtaa wa shida. Pale kijijini, Alcester Road inapokutana na St Mary's Row na Salisbury Road, kuna maduka na mikahawa ya kila aina. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi, kuna soko la wakulima lenye mboga zenye udongo bado, mayai, na mikate iliyookwa kwa mikono. Ukiteremka kuelekea Balsall Heath na Sparkbrook unaingia Ladypool Road, na hapo ndugu yangu wa pwani utapata nyumbani: bamia, mihogo, ndizi mbichi, nazi, pilipili mbuzi, dengu, kunde, mafungu ya kotimiri kwa bei ambayo supamaketi haiwezi kuigusa. Baadhi ya wenye maduka ya namna hii Uingereza ni familia za Kihindi zilizotoka Kenya mwaka 1968 au Uganda mwaka 1972, na wazee wao Kiswahili bado wanacho. Hata muhogo wamekuja nao. Kwenye orodha za vyakula huku unaitwa "mogo", nao ni muhogo wetu uliopoteza kichwa njiani, ukakaangwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili.

Kwa hiyo yote yapo, tena ndani ya maili moja au zaidi kidogo. Tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba ramani inapima kwa macho ya mtu mzima mwenye afya. Mpime mzee wetu. Sindano za homoni zimempunguzia misuli, uchovu wa mionzi haujamtoka, na kibofu chake hakisubiri, hivyo safari yoyote anaihesabu kwa vyoo vilivyopo njiani. Moseley iko juu na Balsall Heath iko chini. Kwenda Ladypool Road ni mteremko, lakini kurudi na mfuko wa mihogo ni mlima. Basi namba 50 linapita Alcester Road, sawa, ila kutoka kituoni hadi kwenye mboga kuna kutembea, na kutoka kwenye mboga hadi kituoni kuna kutembea na mzigo. Soko la wakulima nalo, bei zake ni za watu wenye mishahara, na mwezi una Jumamosi moja tu ya soko.

Nilimwomba siku moja anieleze alikuwa anapata wapi chakula katika ile miezi minane. Akahesabu kwa vidole: duka dogo karibu na kituo cha basi, simu, na wageni. Maili moja ya ramani yangu ilikuwa imekunjwa ikawa hatua mia mbili.

Duka dogo lina nini? Mkate, supu ya kopo, tambi za dakika tatu, soseji, maharage ya kopo, jibini. Na hapa ndipo chumvi ilipolala. Uingereza, kama robo tatu ya chumvi tunayokula haitoki kwenye kijiko chetu. Imeshatiwa kiwandani au mkahawani kabla hatujagusa sahani. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina karibu nusu gramu, chini kidogo. Mtu anayekula vipande vinne kwa siku ameshakula gramu moja na nusu bila kuonja chochote cha chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka tusizidi gramu 5 kwa siku, na serikali ya hapa inasema 6, ambayo ni kijiko kimoja cha chai. Nchi hii ilifanya kazi nzuri kweli: kampeni ya miaka ya 2000 ya kuvibana viwanda ilishusha wastani kutoka gramu 9.5 mwaka 2000/01 hadi karibu 8 mwaka 2014. Kisha msukumo ukalegea, na kipimo cha mwaka 2018/19 kikasoma 8.4. Hapo tunazungumzia mtu wa kawaida, si yule ambaye dawa imeifanya figo yake bahili.

Na simu? Siku hizi mtaa umehamia ndani ya simu. Halmashauri ya Birmingham mwaka 2012 iliweka kanuni ya mipango miji kwamba maduka ya vyakula moto vya kufungasha yasizidi asilimia 10 ya maduka katika kituo cha biashara. Niliipongeza wakati ule na bado naipongeza. Lakini kanuni hii inazuia mpya na haifungi za zamani. Tena katika sheria za matumizi ya majengo, mkahawa wenye meza si sawa na duka la kufungasha, hata kama nusu ya vyungu vyake vinatoka mlangoni kwa pikipiki. Sisi huku tunakaa pembeni mwa ile pembetatu ya balti iliyoipa Birmingham jina tangu miaka ya 1970. Simwonei mtu, balti naila na naipenda. Ila balti moja na naani yake kubwa inaweza kukumalizia chumvi ya siku nzima, na inaletwa mpaka mlangoni kwa mtu ambaye hana nguvu ya kusimama jikoni.

MLANGO WA TATU: VYUNGU VYETU

Vitabu nilivyosoma juu ya mazingira ya chakula vinahesabu maduka, mikahawa na masoko. Kuna jirani mwenye sufuria hawamhesabu, labda kwa sababu walioviandika hawakulelewa na watu wa aina yetu.

Kwetu mgonjwa haachwi ajipikie. Ilikuwa zamu isiyoandikwa: Jumatatu fulani analeta wali wa nazi na mchuzi wa samaki, Jumatano mwingine analeta biriani, Ijumaa pilau kutoka kila upande. Mama mmoja alileta mchuzi wa papa mkavu. Papa yule, nikiri hapa mbele yenu, nililetewa mimi kutoka Mombasa, nikaona haki yake ni kwa mzee. Alipolifungua bakuli harufu ikajaa nyumba, na mzee akafumba macho akasema, "Hii sasa ndiyo Tanga." Sitasahau furaha ile. Wala sitasahau kwamba papa na ng'onda hukaa kwa miezi bila kuoza kwa sababu wamezikwa kwenye chumvi.

Kuna jambo la ulimi pia. Matibabu ya saratani huweza kuharibu ladha. Wali unakuwa kama karatasi, nyama kama chuma. Mgonjwa anatafuta kinachopenya, na kinachopenya ni achari ya embe, ndimu ya chumvi, pilipili ya kukaanga. Sisi tukiona anakula tunafurahi, tunaongeza. Halafu kuna vile vidonge vya mchuzi ambavyo siku hizi haviachwi hata kwenye maharage. Pima kimoja: karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Mpishi anatia viwili, anaonja, anaona bado, anaongeza chumvi ya kawaida.

Na kuna "japo tonge moja". Hili nimelijua kwa kuchelewa na ndilo linaloniumiza. Abiraterone humezwa tumbo likiwa tupu: masaa mawili baada ya kula, na saa nzima kabla ya kula tena. Ikimezwa pamoja na chakula, hasa cha mafuta, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaweza kupanda hadi mara kumi. Mzee alikuwa anameza yake asubuhi. Mara ngapi tulibisha hodi saa hizo na chapati za moto mkononi? Yeye muungwana, hawezi kumrudisha mtu na sahani yake. "Shikamoo mzee, tumekuletea chai." "Marahaba, karibuni, karibuni." Basi anakula kwa heshima yetu.

Sisemi kwamba chapati zetu ndizo zilizoleta kiharusi. Hakuna mtu anayeweza kusema hivyo kwa haki, na kidonge kilichokaa kabatini kina sehemu yake kubwa. Nasema kwamba mgonjwa yule alikuwa na milango mitatu inayopitisha presha, na mmoja wao funguo tulikuwa nazo sisi.

Mtu ataniuliza: sasa unataka tuache kupeleka chakula? Hasha! Tukiacha, anabaki na duka dogo na simu. Chungu cha jirani ndicho kitu pekee katika mazingira yake ambacho hakihitaji kanuni ya halmashauri wala utafiti wa miaka kumi ili kibadilike. Kiwanda cha supu hakinijui. Mama wa Ijumaa ananijua, na nikimwambia apunguze atapunguza.

TUFANYE NINI?

Nimeyakusanya haya kutokana na miongozo ya hapa na maelezo ya wauguzi. Mwenye maradhi yake amsikilize daktari wake kwanza.

1. Ukipeleka chakula, uliza mambo mawili kabla: dawa zake anameza saa ngapi, na amekatazwa nini. Swali hilo si ukosefu wa adabu. Tulipoanza kuuliza, mzee alicheka akasema kumbe miezi yote ile alikuwa anatusubiri tuulize.

2. Pika bila chumvi au kwa chumvi kidogo sana, umwachie mwenyewe. Ladha itoke kwenye ndimu mbichi, tangawizi, kitunguu saumu, bizari nzima, pilipili manga, ukwaju, kotimiri. Vidonge vya mchuzi viache dukani. Papa na ng'onda, kwa aliye kwenye dawa kama hizi, viwe vya sikukuu: viroweshwe usiku kucha, maji yabadilishwe mara mbili tatu, na bado kipande kiwe kidogo. Kuna wagonjwa waliokonda ambao haja yao ya kwanza ni kula chochote kinachoshuka. Huyo usimpe hotuba ya chumvi, muulize mtaalamu wake wa lishe.

3. Usimletee chumvi mbadala ya potasiamu kwa kuwa umesoma kwamba ni nzuri. Kwa wengi inasaidia kweli, lakini kwa mwenye figo dhaifu au anayemeza baadhi ya dawa za presha, potasiamu ikizidi inaweza kuuvuruga moyo. Balungi nalo hugongana na dawa kadhaa, zikiwamo baadhi za saratani. Na dawa za miti shamba, hata zile za bibi, zitajwe kwa daktari.

4. Soma rangi kwenye pakiti. Kwa mpangilio wa hapa, chumvi isiyozidi gramu 0.3 kwa kila gramu 100 ni kijani, inayozidi gramu 1.5 ni nyekundu. Kwenye maduka madogo bidhaa nyingi hazina rangi, basi geuza nyuma utafute hesabu. Ukiona imeandikwa sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi.

5. Pima presha nyumbani. Mashine ya mkono wa juu, iliyothibitishwa. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, usizungumze. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku saba, tupa vipimo vya siku ya kwanza, chukua wastani wa vilivyobaki. Nyumbani, 135/85 na kuendelea ni ya kumwonyesha daktari, wakati kliniki mstari ni 140/90. Aliyefika miaka 40 na hajawahi kuambiwa ana presha anaweza kupimwa bure kwenye maduka mengi ya dawa hapa England tangu mwaka 2021, bila miadi ndefu. Na ukiandikiwa kidonge, kimeze. Kabati haliugui presha.

6. Kubeba mzigo. Hili ni dogo lakini kwangu ndilo kubwa. Badala ya kila mtu kupika, mmoja achukue zamu ya kwenda Ladypool Road na orodha ya mgonjwa mwenyewe, amletee mboga mlangoni, amsaidie kumenya. Umempunguzia kilima, na umemrudishia jiko lake.

Hayo ni yetu. Ya wakubwa nayo tusiyasahau. Tunapoulizwa maoni kuhusu mipango miji, tuandike: idadi ya maduka haitoshi, hesabuni vilima, vyoo, mabenchi na vituo vya mabasi. Kwa wanaume weusi nchi hii, mmoja katika wanne atapatwa na saratani ya tezi dume maishani, wakati kwa wanaume wote ni mmoja katika wanane. Wengi wanapona, Mungu ashukuriwe, na waliowahi kuugua saratani za kila aina nchini humu wamepita milioni 3. Maana yake tutakuwa na wazee wengi zaidi waliopona wanaohesabu hatua mia mbili.

Na wale mnaopanga kurudi nyumbani baada ya matibabu, msidhani haya yanabaki Birmingham. Dar es Salaam, mgonjwa aliyetoka mkoani kutibiwa Ocean Road anakaa mjini wiki nyingi akila kwa mama lishe au kwa ndugu aliyempokea. Hapo pia hakuna anayemhesabu mama lishe kama sehemu ya matibabu, ingawa ndiye anayemwona mgonjwa mara tatu kwa siku.

Mzee wetu anaendelea vizuri. Mkono umerudi kiasi, kikombe anakishika kwa mikono miwili. Presha anaandika kwenye daftari la shule, asubuhi na jioni, kwa mwandiko unaoyumba. Jumamosi iliyopita nilimpelekea mchicha na samaki mbichi, na ndimu tano. Akaonja, akanitazama. "Mwanangu, hii haina chumvi."

"Haina, mzee."

"Basi kaa tule wote, tuteseke pamoja."

Tulikula. Ukizoea ndimu, si mateso sana.

Naomba kuwasilisha. Wenye taaluma ya tiba mnirekebishe nilipoteleza, na wenye wagonjwa majumbani, tafadhali anzeni na lile swali la kwanza.

Wasalaam.